Gaidi Aliyevaa Ndala za Mkewe

Gaidi wa kwanza kukamatwa katika mji wetu alikuwa amevaa ndala za mkewe. Runinga haikulionyesha hilo, maana meza waliyomkalisha nyuma yake ilimficha kuanzia kiunoni kwenda chini. Juu alikuwa gaidi kamili: kilemba cheusi, ndevu za kutisha, shati la kijeshi lililochanika mkono mmoja. Chini, ndala za bluu zenye ua kwenye kamba.

Alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilitazamana na soko, kiti kimoja cha kuzunguka na kioo chenye ufa, na kwa miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kumkata mtu sikio, sifa ambayo si kila kinyozi wa mji ule angethubutu kujitwalia. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani katika chumba cha pili. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akitaka kumsema mumewe hakuhitaji hata kunyanyua mguu kutoka kwenye pedali.

Chanzo cha yote ni mafuta. Yaligunduliwa nyuma ya kilima, kampuni ikaja na uzio, uzio ukaja na helikopta. Na mahali penye mafuta na helikopta, watu wa sinema hawakawii kunusa. Walitoka nchi kubwa, ileile yenye kampuni, wakasema wanatengeneza filamu ya siasa. Ndani yake kuna visima, kuna balozi, kuna majasusi waliovaa suti kwenye jua kali, na kuna magaidi wanaotaka kulipua bomba la mafuta. Balozi na majasusi walikuja nao. Magaidi wakawatafuta kwetu.

Mwongozaji wao alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia, na katika Kiswahili chote alijifunza neno moja tu: "Tena!" Alimpitisha muuza mkaa mmoja na baiskeli yake mbele ya kamera tangu asubuhi mpaka mkaa wote ukawa unga. Tukamwita Bwana Tena. Maneno yake mengine yote yalipitia kwa msichana wa hapahapa mjini, mkalimani wake, tuliyemwita Sawasawa kwa sababu ndilo jibu alilompa kila mtu kwenye redio yake ya mkononi.

Kinyozi alichaguliwa kwa ajili ya ndevu. Alizitunza vizuri, ndizo zilikuwa bango la kazi yake. Watu wa sinema wakazichana kinyume, wakazipaka vumbi, wakamwambia akunje uso.

"Wewe, gaidi?" Mama Pacha alimuuliza kupitia ukutani. "Panya akipita unapanda kitandani."

"Wamesema uso wangu una kitu."

"Una ndevu. Hicho ndicho kitu chenyewe."

"Wamenipa mistari miwili ya kusema."

"Bora. Nyumbani hujawahi kupata hata mmoja."

Lakini Mama Pacha alifurahi, na yeye pia akachukuliwa kushona nguo za magaidi. Kila siku alikaa pembeni na sindano, akitazama jinsi sinema inavyopikwa: mtu anakunywa chai, tena, anakunywa chai, tena, hadi tumbo linalia.

Siku ya kulipua bomba, walijenga bomba la mbao na mapipa upande wa pili wa kilima. Mtaalamu wao wa baruti aliahidi kishindo cha wastani. Kuku wa upande ule wa mji waliacha kutaga msimu mzima, na moshi ulikaa juu ya kilima muda mrefu hivi kwamba watu walianza kuutumia kuelekezana njia: ukifika usawa wa moshi, kata kushoto.

Kibali cha kulipua kilitolewa na wizara ya utamaduni. Wizara ya ulinzi haikuambiwa, kwa sababu hizo mbili zilikuwa hazisalimiani. Helikopta ya kampuni ikaona moshi, ikapiga simu, na askari, ambao tukiibiwa sisi huchukua juma zima kufika, walifika kabla vumbi halijatua. Watu wa sinema, yaani Bwana Tena na wenzake wote, walikuwa wameshuka bondeni kula. Waliobaki kilimani ni magaidi na maiti.

Walioanza kukimbia ni maiti. Magaidi wakafuata. Kinyozi peke yake alibaki amesimama juu ya msalaba wa chokaa uliochorwa chini, bunduki ya mbao mkononi, kwa sababu Sawasawa alimwambia asitoke kwenye alama yake mpaka aambiwe.

"Weka silaha chini!" askari wakapiga kelele.

"Siwezi," akajibu, "sijaambiwa."

Jioni ile ile akawa kwenye runinga. Pembeni yake alisimama Msemaji wa serikali, mtu aliyetumwa kutoka makao makuu, mwenye sauti ya kubembeleza kama mtu anayeuza bima. Alisema shambulio kubwa dhidi ya visima limezimwa na silaha nzito zimekamatwa. Seremala aliyezichonga alijisikia sana. "Nzito kweli," alitwambia, "nilitumia mbao za mlango."

Tulicheka. Mama Pacha pia alicheka kidogo, akasema kesho atamfuata mumewe, arudi naye pamoja na zile ndala.

Hakupewa. Alimchukua Sawasawa awe shahidi, wakaenda kwenye ofisi ambayo Msemaji alijipatia hapo mjini, chumba chenye zulia na kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo. Msemaji aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakubisha hata neno.

"Mama, nimekuelewa vizuri," akasema. "Si gaidi. Tulilijua hilo tangu jana jioni."

"Basi nipe mume wangu, nina kanzu za harusi za kumaliza."

"Haiwezekani. Tumeshapongezwa."

Akaeleza kwa upole. Balozi wa nchi kubwa alipiga simu mwenyewe. Wakubwa wake huko kwao walifurahi mno, wakaahidi ndege zisizo na rubani na askari wao wa kulinda visima. Ijumaa mkataba wa mafuta unatiwa saini. Na ndege itakayoleta wakubwa hao Ijumaa, itarudi na gaidi wao, akahojiwe huko.

"Atarudi lini?" Mama Pacha akauliza.

Msemaji akatazama ile ndoo. "Hao wanaochukuliwa hivyo, mama, sijasikia aliyerudi."

Sawasawa alianza kulia. Mama Pacha hakulia. Alikunja khanga yake vizuri kiunoni, akauliza choo kiko wapi, akaenda, akarudi, akaaga.

Kesho yake alikuja na cherehani. Aliiweka barazani, chini ya dirisha la Msemaji, akaanza kushona. Ilikuwa cherehani ya zamani ya kukanyaga, na alikuwa ameifungua nati moja makusudi, ikawa inanguruma kama lori lililokwama matopeni. Wateja walimfuata hukohuko. Mtu anapimwa kiuno mbele ya ofisi ya serikali, mwingine anabishana kuhusu lesi. Askari wa mlangoni alijaribu kumwondoa.

"Mama, hapa ni pa serikali."

"Na mume wangu yuko wapi?"

"Yuko serikalini."

"Basi na mimi nimekuja nyumbani kwa mume wangu. Leta huo mguu wa suruali, mwanangu, umetatuka, unatia aibu taifa."

Askari akaleta mguu. Ndani, Msemaji alikuwa akijaribu kuzungumza na makao makuu kwa simu, kidole kimoja sikioni.

Siku ya pili ya cherehani ndipo Bwana Tena alipofika ofisini, kofia mkononi, amevimba kwa hasira. Naye alimtaka kinyozi, lakini kwa lake. Kupitia kwa Sawasawa alisema filamu yake karibu nzima imeshapigwa na uso ule umo ndani. Hawezi kubadilisha gaidi katikati, watazamaji watadhani wamelewa. Kilichobaki ni kipande kimoja tu, cha yule gaidi kufa. Anauawa sokoni, mchana, mbele za watu.

Msemaji aliposikia neno "kufa", uso wake ulifunguka kama mtu aliyekumbuka alipoweka ufunguo. Akaagiza cherehani inyamaze na Mama Pacha aingie.

"Tumepata njia, mama. Mheshimiwa huyu atampiga picha mume wako akifa. Kamera yetu ya habari nayo itapiga. Jioni tutatangaza kwamba gaidi alijaribu kutoroka, akauawa sokoni. Nchi kubwa haitahitaji kumchukua, maana maiti haihojiwi. Mume wako atapewa jina jipya, atapelekwa mji wa mbali, ataishi salama."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa mjane."

"Nimfuate huko?"

"Mjane akihama ghafla watu watauliza maswali."

"Na wanangu wamwite nani baba?"

"Watoto husahau, mama," akasema Msemaji, na nadhani hapo ndipo alipoharibu kila kitu, maana Sawasawa aliniambia kwamba Mama Pacha aliinamisha kichwa, akatabasamu kidogo kama anayepima kitambaa kwa jicho.

Bwana Tena alikuwa na sharti moja tu: soko liwe na watu, walewale walioonekana katika vipande vya mwanzo. Soko tupu litaonekana sinema. Msemaji alitaka watu waondolewe, wakavutana, lakini Ijumaa ilikuwa inakaribia na Msemaji akalegea. Kwa akili yake lilikuwa jambo la dakika chache: bunduki inalia, mtu anaanguka, gari la wagonjwa linambeba, kwisha.

Mama Pacha akasema, "Sawa. Ila niruhusiwe kwenda kumpima shati."

Chumba alichofungiwa kinyozi kilikuwa na kitanda cha chuma na dirisha lililozibwa kwa bati. Alikuwa amekonda. Ndevu hawakuzigusa, kwa amri ya Bwana Tena.

"Nimekubali, mama watoto," akamwambia mkewe alipokuwa akimpima mabega. "Bora nife hapa niende huko wanakosema, kuliko ile ndege."

"Utanyoa watu huko?"

"Wamenikataza. Wanasema kinyozi mgeni atashukiwa. Nitatafutiwa kazi ya kulinda ghala."

"Geuka. Inua mkono. Na ukiumwa jino utamwambia nani?"

Kinyozi akageuka, akainua mkono. Askari wa mlangoni alijifanya anatazama kucha zake.

"Sasa nisikilize," Mama Pacha akasema, pini zikiwa midomoni. "Kesho wakikupiga risasi, anguka vizuri. Usitie aibu. Halafu Bwana Tena akisema tena, nyanyuka. Akisema tena, nyanyuka. Hata mbavu zikiuma, nyanyuka."

"Na asiposema?"

"Hilo niachie mimi."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja sokoni kwa wifi yake, dada wa kinyozi, aliyekuwa muuza nyanya. Hao wawili hawakuwahi kuelewana kwenye jambo lolote isipokuwa kwamba kinyozi ni mpumbavu.

"Wifi, ukimpoteza kaka yangu utanirudishia nini?"

"Nitakurudishia meno yako, maana usiponyamaza unisikilize nitayatoa sasa hivi."

Wifi akanyamaza. Akasikiliza. Kisha akafunga genge, jambo ambalo hakulifanya hata siku aliyojifungua, na wakaanza kupita meza kwa meza. Muuza samaki wakavu, muuza mitumba, mchinja nyama, fundi viatu, mimi mwenyewe kwenye benchi langu la kahawa. Hawakutuhutubia. Mama Pacha alimwambia kila mtu jambo lilelile: akifa mara moja, wanaondoka naye. Kwa hiyo asife mara moja. Kila akianguka, mmoja wetu aiharibu picha, ili Bwana Tena aanze upya.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka mtu fulani aone."

Mtu huyo, Mama Pacha alimtafuta jioni ile kupitia kwa Sawasawa.

"Bosi wako anapenda wageni?"

"Anapenda kutazamwa, mama. Hata akila."

"Basi mshauri amwite balozi, yule wa kweli. Mwambie aje aone gaidi anavyokufa."

Sawasawa akashika redio yake kwa mikono miwili. "Mama, nitafukuzwa kazi."

"Nimekwambia useme uongo? Nimekwambia umwalike mtu kwenye sinema."

"Sawasawa," akasema yule msichana, lakini kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia kwenye redio.

Asubuhi ile soko lilipangwa kuliko siku ya ukaguzi. Nyanya zilifutwa moja moja. Kamera kubwa ilikaa juu ya reli yake karibu na genge la Wifi, kamera ya habari ya serikali ikawekwa pembeni, na nyuma ya meza za samaki likasimama gari la wagonjwa, mlango wazi, askari wawili na machela. Msemaji alikuwa ameshika mkoba wake kifuani, anatabasamu, hadi lilipoingia gari jeusi lenye bendera ndogo.

Balozi akashuka. Mtu mnene, mchangamfu, miwani ya jua, amevaa kama anakwenda kuvua samaki. Bwana Tena alimkumbatia, akamkalisha kwenye kiti cha kitambaa chini ya mwavuli. Msemaji alimtazama balozi, akalitazama gari la wagonjwa. Kumfukuza balozi hawezi. Kufuta kifo hawezi. Nilimwona akiwanong'oneza wale askari wa machela: haraka, mara moja, msichelewe.

Kinyozi akaletwa. Bunduki zikalia, zile za baruti tupu. Kifua kikapasuka kwa wekundu wa rangi. Akayumba, akashika meza, akaanguka kifudifudi juu ya nyanya za dada yake kwa uzuri kiasi kwamba hata mimi niliyekuwa najua kila kitu niliinuka kwenye benchi. Na wakati huohuo Mama Pacha akapita mbele ya kamera, beseni kichwani, taratibu, kama mtu anayekwenda kuanika nguo zake.

"Tena!" akapiga kelele Bwana Tena.

Wale askari walikuwa wameshafika na machela. Bwana Tena akawafokea: ni nani hawa wanaoingia kwenye picha yangu? Wakarudi nyuma. Kinyozi akanyanyuka, akajifuta nyanya shingoni, akaomba maji. Balozi akacheka, akapiga makofi.

Mara ya pili, muuza samaki alipiga chafya iliyoitikiwa na mbwa wote wa sokoni. Tena! Mara ya tatu fundi viatu alisahau kwamba anaigiza hofu, akamuuliza maiti kwa sauti, "Umeumia, jirani?" na maiti ikajibu, "Kidogo, goti." Tena! Mara nyingine ilikuwa zamu yangu. Niliangusha birika, na nisiseme uongo, sikukusudia kuliangusha lenye moto. Nililia kuliko waigizaji wote. Tena! Kila mara shati jipya, damu mpya, nyanya mpya. Kila mara machela inakuja mbio, inafukuzwa. Msemaji jasho lilimtoka mpaka kola ikalala.

"Alale hukohuko!" akawa anamnong'oneza Sawasawa. "Mwambie huyo mtu wako picha inatosha!"

"Bosi wangu ndiye anayesema, baba. Mimi naitikia tu."

Balozi alikuwa anafurahi kama mtoto. Kila kinyozi akifufuka alimwonyesha dole gumba.

Kisha ikafika zamu ya mchinja nyama. Alikuwa apige kelele jina la ng'ombe. Lakini kinyozi, kwa uchovu au kwa kuyazoea mauti, safari hii alikufa kifo cha ajabu. Hakuyumba. Alisimama, akatazama upande wa kibanda chake ng'ambo ya barabara, akakaa chini polepole kama mtu aliyeitwa kupumzika, akajilaza ubavu. Soko lote likanyamaza. Mchinja nyama, mtu wa mapanga na mifupa, alikuwa amejaa machozi, mdomo wazi, amesahau ng'ombe wote duniani.

Bwana Tena hakusema tena. Alivua kofia. Akasema kitu kwa lugha yake, taratibu, na Sawasawa hakuhitaji kukitafsiri, uso wake ulitosha. Imetoka. Imekubalika.

Machela ikaja. Safari hii hakuna aliyeizuia. Wakamlaza kinyozi, wakamfunika shuka mpaka usoni, mkono mmoja wa askari ukimkandamiza kifua asije akanyanyuka. Kamera ya habari iliwafuata mpaka karibu na gari.

Mama Pacha hakukimbia. Alitua beseni, akatembea moja kwa moja katikati ya nyanya zilizopondeka, akasimama mlangoni mwa gari la wagonjwa na kushika nguzo mbili za mlango, huku na huku.

"Pisha, mama," akasema askari.

"Pita juu yangu."

Balozi naye alikuwa ameshanyanyuka kwenye kiti. Alitaka kumpa mkono yule mwigizaji mahiri. Akaja na mkono umeshanyooshwa, Msemaji akimkimbilia nyuma: amechoka, mheshimiwa, apumzike, mheshimiwa. Balozi akafunua shuka mwenyewe. Kinyozi akafumbua macho. Wakapeana mikono, mmoja amelala, mwingine ameinama.

"Sawasawa," Mama Pacha akaita. "Njoo hapa. Nitafsirie, na usiruke neno."

Akamgeukia balozi.

"Huyu uliyemshika mkono ndiye gaidi uliyempigia serikali simu kuipongeza. Ni mume wangu. Ni kinyozi, kibanda chake kile pale. Hajalipua kitu, aliwekwa kwenye alama akasimama. Jioni hii watatangaza amekufa. Umemwona mwenyewe akifa asubuhi nzima. Kama mnataka kumzika, mzikeni sasa hivi mbele yangu, na kama hamtaki, niachieni niende naye nyumbani."

Msemaji akamwinamia Sawasawa, akasema kwa ile sauti ya bima, "Dada, mwambie balozi mama anamkaribisha chai. Mimi nitaikumbuka kazi yako."

Redio ya Sawasawa ililia, mtu akimwita. Akaizima. Sikuwahi kuiona imezimwa. Akaanza kusema, na sisi ambao hatukuijua lugha ile tulifuata maneno yake kwenye uso wa balozi: tabasamu likabaki mahali pake, kisha likawa limesahauliwa hapo, kisha halikuwepo. Miwani ikavuliwa. Akamtazama kinyozi, ndevu, kilemba, shati. Akautambua uso aliouona kwenye runinga.

Balozi hakuwa mtu mbaya wala mwema, alikuwa balozi. Aliuliza swali moja tu, na Sawasawa akalitafsiri: "Anauliza, ni nani mwingine anayejua?"

Mama Pacha hakuondoa mikono mlangoni. Aliinua kidevu tu kuelekea sokoni.

Tulikuwa tumesimama wote. Hakuna aliyetuagiza. Muuza mitumba juu ya marobota yake, Wifi na ndoo ya nyanya mbovu alizozichagua vizuri, mchinja nyama akijifuta macho kwa aproni yenye damu ya kweli. Hata wale watu wa sinema walikuwa wamesimama, na kamera kubwa, nilikuja kugundua baadaye, hakuna aliyekumbuka kuizima.

Balozi akavaa miwani. Akamwambia Msemaji neno fupi.

"Anasema, basi ilikuwa filamu," akatafsiri Sawasawa.

"Filamu, mheshimiwa!" Msemaji akaitikia kwa pumzi moja. "Tangu mwanzo. Serikali yetu inathamini sana sanaa."

Usiniulize kama Ijumaa mkataba haukutiwa saini. Ulitiwa. Askari wa nchi kubwa walikuja, wakakaa kilimani, wakisubiri gaidi mwingine ambaye mpaka leo hajaonekana. Hayo ni ya wakubwa, na Mama Pacha siku ile hakuwa ametoka nyumbani kwa ajili ya visima.

Alimshusha mumewe kwenye machela, akamfuta uso kwa ncha ya khanga, akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama mtu anayevusha mtoto barabara. Wakaanza kutembea. Hawakwenda kibandani, walikwenda kwao, kule mwisho wa mji, barabara ndefu ya vumbi na jua la utosini, kinyozi na madoadoa mekundu kifuani, kila mtu akitoka mlangoni kumtazama.

"Wanatutazama," kinyozi akasema.

"Waache watazame. Wakuone unatembea."

Gari la serikali likawafuata polepole, lile la Msemaji mwenyewe, likafika usawa wao. Kioo kikashuka. Ile sauti ikasema kwa upole kwamba jua ni kali, mzee ameanguka sana leo, na wao wana nafasi nyuma. Wapande, wafikishwe nyumbani.

Mama Pacha hakugeuza shingo, wala hakulegeza mkono.

"Tumeshafika," akasema, na wakaendelea kutembea.